Kubeba matumbawe hai ya akwaria kwenye begi la ndege

Kipande cha tumbawe chenye ukubwa wa kidole gumba kinaweza kukaa saa 24 ndani ya mfuko uliofungwa, gizani, bila pampu wala taa, na kikafika kizima. Mara nyingi kinachokiua si ndege. Ni kukatwa jana yake, kusuguana na plastiki, maji kupoa au kupata joto begi likiwa limeachwa kwenye lami ya uwanja, au ute wake mwenyewe kuoza ndani ya maji machache. Karibu yote hayo yanazuilika nyumbani, kabla hujaita teksi.

Maelezo haya ni ya mtu anayebeba vipande vitano hadi kumi na viwili vilivyokuzwa kwenye tangi, kutoka mji mmoja hadi mwingine. Labda amenunua Chicago anarudi Houston, au amebadilishana na mfugaji mwenzake Berlin anarudi Lisbon. Matumbawe yaliyong'olewa baharini hayamo humu, kwa sababu zinazofuata.

Karatasi kwanza

Matumbawe magumu yote, yaani yale yanayojenga kiunzi cha chokaa kama Acropora, Montipora, Euphyllia na Goniopora, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Likivuka mpaka wa nchi, tumbawe la namna hiyo linahitaji kibali cha kusafirisha nje kutoka nchi unakotoka, na nchi nyingi hudai pia kibali cha kuingiza. Kwamba umelikuza mwenyewe sebuleni hakukuondolei hitaji hilo. Umoja wa Ulaya na Marekani zina msamaha wa vitu binafsi vya msafiri, lakini msamaha huo haufiki kwa kiumbe hai. Anayeingia Marekani na kiumbe wa porini hupita bandari au uwanja ulioteuliwa na hujaza fomu 3-177 ya Idara ya Samaki na Wanyamapori. Uyoga wa baharini kama Discosoma (ni mnyama wa ukoo wa matumbawe, si kuvu), zoa (jamii ya Zoanthus na Palythoa), na matumbawe laini kama Sarcophyton na Xenia hayamo kwenye orodha ya CITES, lakini forodha bado itataka yatajwe.

Ndani ya Umoja wa Ulaya, kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Ureno na tumbawe gumu hakuhitaji kibali. Kunahitaji uweze kuonyesha ulilipata kihalali. Beba risiti, au barua fupi ya aliyekupa ikitaja spishi, idadi na tarehe. Uingereza si sehemu ya utaratibu huo tena tangu 1 Januari 2021: kipande cha Euphyllia kutoka Amsterdam hadi London sasa ni bidhaa ya kimataifa yenye vibali pande zote mbili. Kuna watu huwa wanasahau hilo kwa kuwa ndege yenyewe haichukui hata saa moja na nusu.

Kwa safari za ndani ya Marekani hakuna CITES, ila kuna sheria za majimbo. Florida na Hawaii zimepiga marufuku kuchukua matumbawe magumu baharini, kwa hiyo kipande kinachoonekana kimetoka mwambani kitakuletea maswali ambayo kipande kilichogundishwa kwenye kitako cha seramiki, kile kiguu kidogo cha kukishikilia tangini, hakileti. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuacha vitako mahali pake.

Na kwa wanaokwenda likizo Watamu, Diani, Mafia au Unguja: msivunje. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, ya Mafia tangu 1995, na humo mgeni hachukui hata konokono. Nje ya hifadhi bado kuna CITES, na tumbawe gumu lililokufa, lile jeupe linalookotwa ufukweni, limo katika orodha ileile. Anayetaka kuingiza vipande Kenya kutoka ng'ambo aanze na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na anayeingiza Tanzania aanze na Idara ya Wanyamapori. Aanze hivyo kabla ya kununua tiketi.

Shirika la ndege ni mlango wa pili. Ukipiga simu ukauliza kama unaweza kubeba "mnyama hai", mhudumu atakusomea kanuni za mbwa na paka. Uliza hivi: vipande vya matumbawe ya akwaria, kwenye maji ya chumvi yasiyozidi lita tatu, ndani ya boksi lisilovuja, katika begi la kukabidhi kaunta. Omba jibu kwa barua pepe na ulichapishe. Yapo mashirika yanayokataa kiumbe chochote chenye uhai nje ya utaratibu wa kago, na ukikataliwa usifiche. Begi likifunguliwa nyuma ya pazia bila wewe kuwepo, hakuna atakayelifunga ulivyolifunga wewe.

Mkononi au chini?

Begi la mkononi ndilo salama zaidi kwa joto, kwa sababu linakaa mahali unapokaa wewe. Tatizo ni maji. Viwanja vingi bado vinashika kanuni ya mililita 100 kwa chombo, vyombo vyote viingie mfuko mmoja unaopitisha mwanga wa takriban lita moja. Hapo unaweza kupitisha vikopo vitano au sita vya mililita 90, kila kimoja na zoa au uyoga mdogo. TSA, mamlaka ya ukaguzi wa abiria ya Marekani, huruhusu samaki hai ndani ya chombo kinachoonyesha ndani hata maji yakizidi kiasi hicho, baada ya kukaguliwa kwa macho. Kwa matumbawe, soma orodha yao ya siku hizo, uichapishe, na ujue kwamba neno la mwisho ni la ofisa aliye mbele yako. Eksirei ya ukaguzi haidhuru tumbawe. Usiombe lipite pembeni kwa hofu hiyo. Omba tu boksi lisigeuzwe.

Begi la chini linakubali maji mengi na boksi kubwa. Chumba cha mizigo cha ndege ya abiria kina kanieneo sawa na kabini, kwa hiyo usihofu mifuko kupasuka kwa sababu iko chini. Hofu joto la nje: dakika 40 kwenye toroli Dubai mwezi wa Julai, au Minneapolis mwezi wa Januari, zina uzito kuliko saa nne angani.

Kama una vipande vichache vya thamani na vingi vya kawaida, gawa. Vya thamani, vidogo, mkononi. Vingine chini.

Vipande vya kuchukua na vya kuacha

Zoa na uyoga ndiyo wasafiri wazuri kuliko wote. Hujifunga, hutoa ute kidogo, na huvumilia maji kubadilika. Favia na ndugu zake nao ni wagumu. Montipora husafiri vizuri ikiwa kingo zake hazigusi kitu. Acropora husafiri vizuri ikiwa imepona jeraha la kukatwa, vibaya sana ikiwa haijapona. Euphyllia ina nyama nyingi inayoning'inia juu ya kiunzi chenye makali, na mtikisiko mmoja ikiwa imejitanua unatosha kuichana. Jeraha hilo hualika ule ute wa kahawia unaokula nyama yote kwa siku mbili tatu. Goniopora ni bahati nasibu. Xenia iache: ikishtuka huyeyuka, na mfuko wake hunuka mayai yaliyooza hata kabla ya kutua.

Kipande kiwe kimekatwa na kugundishwa angalau siku saba kabla, kumi na nne ikiwezekana. Dalili ya kupona utaiona kwa jicho: nyama imeanza kupanda juu ya gundi na kuziba ukingo mweupe wa jeraha. Kilichokatwa asubuhi ya safari kitatoa ute saa zote, na ute huo ndio chakula cha bakteria watakaomaliza oksijeni.

Acha kulisha saa 48 kabla. Euphyllia iliyomeza kamba jana usiku itamtapika ndani ya mfuko.

Tahadhari moja ya mwili wako: zoa na hasa Palythoa zinaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapozishika, usizisugue kwa brashi, usizimwagie maji ya moto kamwe kwa kuwa mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini, na mfuko ukivuja ndani ya begi usifute kwa mikono mitupu kisha ukapangusa macho.

Maji kidogo, hewa nyingi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa huruma. Wanajaza maji wakidhani tumbawe linayahitaji ili lipumue. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 hushika miligramu 6 hadi 7 tu za oksijeni. Lita moja ya hewa ya kawaida ina zaidi ya miligramu 250. Hewa iliyo juu ya maji ndiyo ghala; maji ni njia tu ya kuifikisha. Weka theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, maji yafunike tumbawe kwa sentimita mbili likiwa limelala. Mchana tumbawe hutengenezewa oksijeni na mwani wa hadubini unaoishi ndani ya nyama yake, lakini gizani mwani huo nao hupumua kama wengine na kuipunguza. Hata hivyo giza ni jema: tumbawe hujikunyata, hutulia, halihangaiki na taa zinazowaka na kuzimika. Duka likikujazia oksijeni mfukoni, vizuri. Mtungi wa oksijeni wa kujazia mwenyewe njiani, ndege haikuruhusu.

Maji yenyewe yawe mapya, yaliyochanganywa saa 24 kabla na kuachwa na pampu yakizunguka, uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi uwe 1.025 hadi 1.026, nyuzi 25 hadi 26. Maji ya tangi yanafaa pia ukiyachota kabla hujaingiza mkono na kutibua mchanga. Usitumie maji uliyokatia vipande.

Ipo njia ya kusafirisha bila maji kabisa. Anayeijua pwani ameona bamvua likitoka, matumbawe ya juu ya mwamba yakibaki nje yanang'aa ute, kisha maji yanarudi na maisha yanaendelea. Kwa uvumilivu huohuo, Favia, zoa au Acropora iliyopona inaweza kufungwa katika karatasi laini ya jikoni iliyolowekwa maji ya chumvi na kukamuliwa kidogo, ikatiwa mfuko wenye hewa na kusafiri saa nane hadi kumi. Uzito unapungua na kanuni ya mililita 100 haikusumbui. Lakini karatasi ikikauka upande mmoja, upande huo umekufa, na kwa Euphyllia njia hii haifai kabisa, kwa kuwa nyama isiyo na maji ya kuibeba hujilalia juu ya makali ya kiunzi chake. Itumie kama mpango wa pili.

Kufunga kipande kimoja

Tuchukue Acropora ya sentimita nne kwenye kitako cha seramiki. Vinavyohitajika: mifuko miwili ya plastiki yenye kitako cha mraba, upana wa sentimita 15 na urefu wa 30, unene usiopungua milimita 0.05, rababendi nne, kipande cha stairofomu chenye ukubwa wa nusu ya kiberiti.

Toboa stairofomu katikati, au ikate mfereji mdogo, halafu ibane kwenye kitako kwa rababendi moja iliyozungushwa mara mbili. Jaribu kwenye beseni: kipande kigeuke, kitako kielee juu na matawi yaning'inie chini kama popo bila kugusa popote. Kikizama, ongeza stairofomu. Kikielea kwa ubavu, sogeza rababendi. Dakika mbili za kurekebisha hapa ndizo zinazoamua kama ncha za matawi zitafika na nyama yake, kwa sababu ndege na toroli hutikisa mfuko saa zote, na ncha inayogusa plastiki hukwanguka hadi mfupani.

Weka mililita 250 za maji mfukoni, tumbukiza kipande, nasa hewa, kisha sokota shingo ya mfuko mpaka ikaze, ikunje mara mbili na uifunge kwa rababendi mbili. Usiukaze mfuko kama mpira. Ndege ikipanda, hewa ya kabini hushuka hadi kiasi cha mwinuko wa mita 2,400, yaani kama robo tatu ya kanieneo la pwani, na hewa iliyo mfukoni hutanuka kwa karibu theluthi moja: nusu lita inakuwa takriban mililita 660. Bonyeza mfuko kwa kidole. Ukibonyea kwa urahisi, ni sawa.

Ingiza mfuko huo ndani ya wa pili ukiwa umepindua kichwa chini, ili pembe za kitako, ambako samaki na matumbawe hubanwa na ambako uvujaji huanza, zisikae juu ya pembe nyingine. Funga wa pili kwa rababendi, andika jina la kipande juu yake kwa kalamu isiyofutika. Kipande kimoja, mfuko mmoja, siku zote. Kinachooza peke yake hakiui jirani.

Kwa zoa na uyoga, vikopo vya plastiki ngumu vyenye kifuniko cha kuzungusha, kama vile vya maabara vya mililita 120, ni rahisi kuliko mifuko, ila mkononi tumia vile ambavyo ujazo wake wenyewe hauzidi 100. Gundisha kitako chini ya kopo kwa tone la supaglu ya jeli ili kisigongwe ukutani. Kwa vikopo hivi acha hewa robo tu ya kopo, si theluthi mbili kama mfukoni. Hewa ikitanuka itajaribu kusukuma maji kupitia kifunikoni, kwa hiyo kopo lisimame wima na livishwe mfuko wake wa zipu. Vikopo vina faida nyingine kwa anayetua Nairobi au Dar es Salaam na vibali vyake: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea 2017 na Tanzania 2019, na hakuna haja ya kuongeza mjadala wa mifuko juu ya mjadala wa matumbawe.

Boksi na joto

Boksi la stairofomu lenye kuta za sentimita tatu, ndani ya sanduku gumu la magurudumu, ndilo linalofaa chini. Kwa mifuko kumi na miwili ya mililita 250 una lita tatu za maji, zaidi kidogo ya kilo tatu, na boksi lote litakuwa chini ya kilo sita. Mara nyingi kikomo cha begi la chini ni kilo 23, kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni nafasi ya hewa ya mifuko. Usiwahi kuipunguza ili kifuniko kifunge. Tafuta boksi kubwa zaidi.

Tandika mfuko mnene wa taka ndani ya boksi kwanza, kisha karatasi za magazeti chini, kisha mifuko imesimama, imebanana kiasi cha kutoanguka. Mapengo yazibe kwa magazeti yaliyokunjwakunjwa, na pembeni weka chupa mbili za maji za nusu lita zenye joto la nyuzi 26. Chupa hizo hazina kazi nyingine isipokuwa uzito wa joto: maji mengi hupoa polepole kuliko machache, na lita moja ya ziada inakuongezea muda begi likisahaulika nje. Funga mfuko wa taka, kisha kifuniko, kisha mkanda mpana kuzunguka. Boksi lenyewe lilale wazi usiku mzima kwenye chumba cha nyuzi 25. Boksi lililotoka gereji baridi litanyonya joto la maji yako saa ya kwanza tu.

Tumbawe hustahimili nyuzi 22 hadi 28 njiani bila malalamiko. Chini ya 18 polipu, yaani vijinyama vyenye mdomo vinavyounda tumbawe, hufungwa na nyingi hazifunguki tena. Juu ya 30 huanza kumfukuza mwani wake na kupauka. Kwa safari ya jumla isiyozidi saa kumi na mbili, nje kukiwa nyuzi 10 hadi 28, boksi zuri linatosha na usiongeze kitu. Kukiwa na baridi kuliko hapo, tumia pakiti moja ya joto ya unga wa chuma, ya saa 40. Ifungue nusu saa kabla, iache ipate moto, ifunge kwa tabaka kadhaa za gazeti na uibandike chini ya kifuniko, mbali na mifuko. Inapata joto kwa kula oksijeni, hivyo toboa tundu la ukubwa wa penseli kwenye kifuniko. Bila tundu itazimika, na ikigusa mfuko moja kwa moja itachemsha maji ya mfuko huo peke yake huku mengine yakibaki baridi. Kukiwa na joto kali, pakiti moja ya barafu ya jeli iliyofungwa kwenye taulo, juu, kwa namna hiyohiyo.

Barafu kavu usiiweke kabisa. Hata kama shirika linaruhusu kilo mbili na nusu kwa chakula, inatoa kaboni dioksaidi na baridi isiyodhibitika, na vyote viwili vinaua. Pampu ya betri nayo haina kazi ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiwa nayo ya kutumia hotelini, betri zake za akiba za lithiamu hukaa begi la mkononi.

Juu ya boksi bandika karatasi inayosomeka hata na asiyejua habari za akwaria: vipande vya matumbawe vilivyokuzwa, maji ya chumvi, havina hatari, upande huu juu, namba ya simu. Nakala ya barua ya shirika na risiti viwe juu ya kifuniko chini ya mkanda, na nakala nyingine mfukoni mwako.

Fungasha ya mwisho kabisa, saa moja au mbili kabla ya kutoka. Fika kaunta mapema, lakini usikabidhi begi mapema kuliko lazima: kila saa baada ya kulikabidhi hujui liko wapi. Chagua ndege isiyobadilisha. Ikibidi kubadilisha, saa mbili katikati ni bora kuliko dakika 45, kwa sababu begi likikosa ndege ya pili litalala uwanjani.

Baada ya kutua

Zima taa za tangi, au zipunguze kabisa. Acha mifuko ielee tangini ikiwa imefungwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishafungua, usichelewe. Njiani maji yamekusanya kaboni dioksaidi na pH imeshuka, yaani maji yameelekea kwenye asidi. Amonia iliyotokana na ute imebaki katika hali isiyodhuru sana kwa sababu hiyohiyo. Mfuko ukifunguka, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu. Ndiyo maana kudondoshea maji tone kwa tone saa nzima, kama tufanyavyo kwa kamba na samaki waliotoka duka la jirani, hakufai tumbawe lililosafiri saa kumi na nne. Pima chumvi. Tofauti kati ya mfuko na tangi ikiwa 0.002 au chini, nenda moja kwa moja kwenye dawa ya kuchovya, inayofuata hapa chini. Ikizidi, hamisha kipande kwenye chombo chenye maji safi yenye chumvi ya kati kwa dakika ishirini. Maji ya mfuko yamwage, hayaingii tangini.

Chovya kila kipande kwenye dawa ya wadudu wa matumbawe kwa kipimo na dakika za lebo, ukipuliza maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano kwenye kila pembe. Tazama chini ya chombo: minyoo bapa wa Acropora huanguka kama vipande vya ngozi vinavyopitisha mwanga, na konokono uchi wa Montipora ni weupe, wadogo kuliko punje ya mchele. Dawa huua wakubwa, haiui mayai. Mayai hukaa kwenye kitako na kwenye sehemu iliyokufa, kwa hiyo ng'oa kitako, kata sehemu isiyo na nyama, gundisha upya, na rudia kuchovya kila siku tano hadi saba kwa wiki nne hadi sita kwenye tangi la karantini. Anayeruka hatua hii huleta tangini wadudu watakaomgharimu kuliko tiketi.

Usishtuke zoa zikibaki zimefumba siku tatu, hata wiki. Usishtuke Acropora ikiwa na rangi ya kahawia. Shtuka ukiona nyama inabanduka kutoka chini kwenda juu na kuacha kiunzi cheupe: kata ncha iliyo hai sentimita moja juu ya mstari wa kifo saa hiyohiyo, tupa iliyobaki. Shtuka pia ukiona ute wa kahawia juu ya Euphyllia. Unyonye kwa mpira mwembamba wa maji ukiwa bado haujatawanyika, chovya kipande kwenye maji yenye iodini, na ukiweke mahali penye mkondo wa maji peke yake.

Taa anza na theluthi moja ya nguvu ya kawaida, vipande vikiwa chini tangini, kisha pandisha kidogo kila siku tatu kwa wiki mbili. Chakula baada ya siku ya nne, pale polipu zinapofunguka usiku.